Bastola ya Kwenda Nayo Shambani

Benchi letu lipo Berea, chini ya jengo la ghorofa kumi na moja ambalo lifti yake ilikufa kabla mimi sijafika Joburg, na huu ni mwaka wangu wa kumi na sita. Ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya kreti nne za bia, mbele ya cherehani yangu, na kwa kuwa mlango ni wangu na kreti ni zangu, kila anayekaa hapo lazima auvumilie mdomo wangu. Jumamosi asubuhi Twalib huja na birika la kahawa chungu ya tangawizi kama ya kwao Tanga. Tunamwita Methali, kwa sababu anazo nyingi na hajui hata moja inakwenda wapi. Hénock, mtu wa Lubumbashi, analinda jengo la maofisi kule Marshalltown na huja moja kwa moja toka zamu na sare yake; huyo ni Komanda. Otieno ni Mkenya wa benki, mwenye gari lisilo na mkwaruzo na suruali zinazombana kila mwezi nikazipanua. Tunamwita Sandton, kwa mtaa wa matajiri, naye anapenda. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya Oktoba, mijakaranda imemwaga maua mpaka mferejini, na Mama Orpha akaja kunipa kazi ambayo sijawahi kupewa tangu nishike sindano.

Mama Orpha: Jambo, fundi. Niko nataka unishonee kifuko ya bastola.

Nikaondoa mguu kwenye pedali. Mama huyu ni mjane wa Uvira. Amekodi kipande cha shamba nje ya mji, njia ya Magaliesburg, anapanda lengalenga, yaani mchicha kwetu, na matembele, na nusu ya Wakongo wa mtaa huu wanakula kutoka mkononi mwake. Bastola na yeye nilikuwa sijaviweka katika sentensi moja.

Mimi: Sawa. Ilete niipime.

Mama Orpha: Sijainunua bado. Njo maana nimekuja hapa. Ninyi wanaume munakaaka hapa kila juma munaongea byote. Muniambie: bastola ya bei ya chini, ya kushinda nayo ku shamba, ku matope, ku vumbi, ku mvua, ni gani?

Ungeyaona mabega ya wanaume pale benchini! Miaka yote tumekaa tukibishana mpira na bei ya mafuta, hakuna aliyetuuliza kitu kwa heshima namna ile. Komanda alifunga kifungo cha juu cha sare. Methali akammiminia mama kikombe bila kuagizwa, jambo ambalo kwangu hajawahi kulifanya.

Komanda: Yaya, dada yangu, kwanza uketi. Pili, unaiogopea nini?

Mama Orpha: Imbwa.

Methali: Mbwa? Mbwa tu?

Mama Orpha: Usiseme mbwa tu, papa. Ziko tano. Imefika juma tatu sasa. Saa ine ya asubuhi zinafika, zinapita chini ya waya, zinakula ugali wangu ku sufuria, zinanizunguka. Juzi moja ilishika buti yangu, ikatoboa. Kijana wangu wa kulima alikimbia, hakurudi. Na Jumatatu mwenye shamba anataka jibu: naendelea kukodi, ao anampa mutu wa matofali. Nikisema naendelea na siwezi kuingia, nafanya nini? Nikisema hapana, mimi ni nani tena ku inchi hii?

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na mimi yalinichoma. Mtu aliyeanza na beseni moja la mboga kichwani, leo mbwa wanamfukuza shambani kwake!

Komanda: Basi sikiliza. Ni rivolva. Usiangalie kingine. Risasi sita zinakaa ndani ya gurudumu, unazihesabu kwa macho. Haina magazini ya kuingia muchanga. Inaanguka ku matope, unaipangusa ku suruali, inalia.

Sandton: Wacha, Komanda. Hiyo ni kitu ya babu yako. Mama, siku hizi kuna bastola za mwili wa plastiki. Zinatoka Uturuki, bei iko chini, nyepesi, hazishiki kutu. Nimeangalia video moja, jamaa aliigandisha kwenye barafu, akaipika, akaikanyaga na bakkie, bado ikafyatua.

Methali: Kwa nini mtu aikanyage bastola yake na gari?

Sandton: Kuijaribu, buda.

Methali: Mimi nikinunua sufuria siikanyagi na gari. Napikia. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mimi: Hapo inaingiaje?

Methali: Inaingia. Plastiki ni msala.

Komanda: Plastiki! Yaya, umuangalie mutu wa benki. Anataka uende kupigana na imbwa tano na kitu ya kuchezea mutoto.

Sandton: Na wewe hiyo rivolva yako, mbwa ni watano, risasi ni sita. Ukikosa mbili tu, mbwa mmoja amebaki anakuangalia. Plastiki inabeba kumi na tano.

Komanda: Mutu wa akili hakosi.

Sandton: Wewe umepiga ngapi maishani?

Komanda alikunywa kahawa yake kwanza. Alikunywa polepole sana.

Komanda: Ku kazi yetu, bunduki ni kwa kuonekana. Miaka saba nimeivaa, na katika miaka saba hakuna mutu ameingia. Hiyo njo kupiga kwenyewe.

Methali: Mimi nimeshika silaha kwelikweli. Jeshi la Kujenga Taifa, mwaka mzima. Tunalala nayo, tunakula nayo, tunaingia nayo mtoni.

Mimi: Twalib, uliniambia mwenyewe miezi ya mwanzo mlipewa za mbao.

Methali: Za mbao ndiyo ngumu kutunza! Inavimba maji, inaliwa na mchwa. Mtu aliyetunza bunduki ya mbao, ya chuma inamshindaje? Kwa hiyo dada Orpha, nisikilize mimi. Chochote utakachonunua, tatizo ni kutu. Kisiache kikae. Kipake mafuta ya nazi kila Ijumaa. Samaki mkunje angali mbichi.

Sandton: Mafuta ya nazi yakikutana na vumbi yanakuwa uji, maze. Kila kitu kinakwama.

Methali: Ndiyo maana nimesema Ijumaa. Alhamisi unakifuta.

Hapo mimi nikaona nisibaki nyuma, maana kifuko ni changu. Nikawaambia wanaongea chuma tu kama vile bastola itakwenda shambani kwa miguu yake. Ngozi ninayoijua mimi inakunywa jasho, na jasho lina chumvi, na chumvi inakula chuma. Kwa kazi ya matope ningeshona turubai nene, lile la kufunikia malori, lenye mfuniko juu na tundu dogo chini la kutoa maji. Halafu nikamwuliza mama swali la fundi: akiinama kupalilia, kitu kitakaa wapi? Ubavuni kitamchoma mbavu. Mgongoni hakifikii.

Methali: Kiunoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi: Twalib, hiyo ni ya mtu anayesalitiwa!

Methali: Basi si bora ajue kilipo?

Mama Orpha alicheka, mara ya kwanza toka afike. Akaweka kikombe chini, akavuta fundo la kitenge chake, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akaifungua juu ya goti.

Mama Orpha: Mimi nilifanyaka sekiriti miaka ine ku duka kubwa. Nilipita mutihani ya bunduki. Risasi kumi na tano, kumi na ine ziliingia. Cheti njo hiki. Karatasi ya kukaa daima niko nayo. Sanduku ya chuma imefungwa ku ukuta, polisi walikuja, wakaitingisha, wakakubali. Inabakia tu kuandika ku fomu ni bastola gani, na namba yake.

Komanda alikifungua tena kile kifungo cha juu. Robo tatu ya saa tunamfundisha kuogelea mtu aliyekwisha kuvuka mto.

Sandton: Sasa, Mama, kwa nini unatuuliza sisi?

Mama Orpha: Ile bastola ilikuwa ya patron, bosi wangu. Nilisimama nayo ndani, ku marumaru, ku kiyoyozi. Haikuonaka tope hata siku moja. Na tena ile ndogondogo ya bei ya chini niliijaribu: ni nyepesi, lakini inaumiza mukono, inaruka sana. Ile nzito inatulia, lakini siku nzima ku kiuno unachoka. Njo nilisema labda ninyi munajua ya katikati.

Mtu mwenye haya angesema hapo hapo: hatujui. Lakini benchi la Berea halina haya. Tulipoona mama anajua kuliko sisi, badala ya kunyamaza tukapanda juu zaidi.

Komanda: Ya katikati iko. Unanunua mbili. Moja ya kuonyesha, moja ya kupiga. Imbwa inaona ya kwanza, inakimbia, ya pili inabaki safi, haishiki kutu.

Sandton: Au rivolva ya chuma kisichoshika kutu, lakini iliyotumika. Kuna watu Sandton wananunua, hawapigi hata mara moja, wanahama kwenda Australia, wanaiuza. Mpya kabisa, bei ya kutupa.

Mimi: Hilo ndilo neno la kwanza la maana leo.

Methali: La maana ni kuizika. Bastola mpya unaizika siku saba kwenye udongo wa shamba lenyewe, inazoea. Mbona mbegu tunaloweka?

Komanda: Nkambo wangu, babu yangu, huko Katanga alipiga mamba na bunduki ya bomba ya kinga. Kinga, yaani baiskeli. Na bomba ilikuwa bado imefungwa ku baiskeli.

Sandton: Alipigaje?

Komanda: Alielekeza baiskeli.

Methali: Umeona? Asiye na mwana aeleke jiwe.

Sandton: Enyewe, mimi nadhani shida si bastola. Ni hao mbwa. Mbona wanakuja saa ile ile? Saa nne kamili. Hao wamefundishwa. Kuna genge linawatuma wamtoe Mama shambani, halafu wachukue pampu yake ya maji.

Komanda: Ao ni ya wale wachimba dhahabu wa mashimoni. Imbwa ya kukaa chini ya ardhi. Zinatoka kuota jua.

Methali: Au wamependa mboga. Mama anatia dagaa. Mbwa akionja dagaa wa Kigoma, basi tena.

Mama Orpha: Kile kinanishangaza, sikizeni, haziniumi. Ile ya buti ilivuta, ikaachilia. Nikisema voetsek, tokeni hapa, zinarudi nyuma hatua mbili, zinasimama, zinaniangalia.

Komanda: Zinapanga mupango.

Sandton: Zinakupima, Mama.

Methali akatingisha birika, akasikiliza maji yaliyobaki, akasema kahawa ni ya kikombe kimoja. Wakati huo huo mlango wa jengo ukafunguka, akatoka mwanamke mmoja mwembamba mwenye sweta kubwa ya kuazimwa, anahema kwa ngazi za ghorofa zote. Ni Angélique, binti wa mjomba wake Mama Orpha, ana siku tisa tu toka atoke Uvira. Hakukaa kabla ya kutusalimia mmoja mmoja kwa mkono: habari ya asubuhi, habari ya nyumba, habari ya watoto, watoto wa Sandton ambao hawajui hata Kiswahili, nao akawaulizia majina. Kikombe cha mwisho akapewa yeye. Akakishika kwa mikono miwili, akasikiliza ile habari ya genge, na ya mashimo, na ya dagaa. Hakucheka.

Angélique: Munisamehe, bapapa. Zile imbwa ni za nani?

Komanda: Za nani namna gani? Ni imbwa.

Angélique: Imbwa iko na mwenyewe.

Sandton: Huku kuna mbwa wa kuzurura tu, sister. Wako wengi.

Angélique: Tano, pamoja, saa ile ile? Yaya, ziko na mukanda ku shingo?

Mama Orpha alianza kusema hapana, halafu akakumbuka.

Mama Orpha: Ile kubwa iko nao. Wa ngozi. Zinatokeaka upande wa kwa ule muzee.

Angélique: Muzee gani?

Mama Orpha: Muzungu, jirani wangu. Nyuma ya waya. Anaishi peke yake. Asubuhi nikifika, yeye iko na kikombe ku baraza, ananipungia mukono, nami nampungia. Imefika miaka tatu.

Angélique: Na sasa anakupungia?

Mama Orpha alikuwa anatazama mikono yake, na midomo yake ilikuwa inahesabu siku.

Mama Orpha: Hapana. Toka mbele, kabla imbwa kuanza kuja. Taa ya baraza inawaka muchana. Nilisema tu, muzungu huyu anachezea umeme.

Ndipo tukaelewa: mbwa ni wa mzee, na njaa ndiyo inayowaleta. Sandton alikuwa wa kwanza kutoa simu, akampigia mwenye shamba kwa namba aliyopewa na Mama Orpha, akaweka sauti nje. Walizungumza Kiingereza. Mwenye shamba anakaa hapa hapa mjini, shambani haendi, kodi anapokea kwa simu. Alipoulizwa habari za yule mzee akajibu: "Si huyo mama ndiye anayemwona kila siku? Mimi nilidhani kama kuna kitu, yeye angekuwa wa kwanza kusema."

Angélique: Yaya, hukuenda kubisha hodi?

Mama Orpha: Ku geti yake wamechora bastola, Angélique! Wamechora bastola na maneno chini. Nani anabisha hodi pale? Mutu mweusi, mugeni, peke yangu? Kwetu, jirani asipotoka mpaka jua linapanda, mutu anaenda kugonga. Nalijua hilo. Mama yangu alinifundisha. Nimeacha muzee wa watu, niko natembea natafuta bastola!

Akalia. Hatukumwambia usilie, maana kila mmoja alikuwa na mlango wake kichwani. Mimi ninao tisa kwenye korido yangu. Kwa miaka kumi na sita sijagonga hata mmoja, na ukigongwa wangu, nazima redio mpaka mtu aondoke. Si ubaya. Mtu anagonga Berea, unafikiria Immigration, unafikiria majambazi, hufikirii jirani wa kuomba chumvi. Nilikuwa sijaiona aibu hiyo mpaka mgeni wa siku tisa aliponiketia pembeni na kikombe cha bure.

Sandton akapiga namba ya dharura. Tukamsikia anaeleza: shamba liko wapi, taa, mbwa, wiki tatu na zaidi. Halafu akaweka kiganja kwenye simu.

Sandton: Wanauliza anaitwa nani.

Mama Orpha akatingisha kichwa.

Mama Orpha: Sijui. Mimi ninamuita muzee.

Wakasema watatuma gari likipatikana. Sandton alikata simu, akatoa funguo mfukoni, na huyo ni mtu ambaye hapendi hata tuegemee gari lake. Akasema twende. Komanda, ambaye hajalala toka jana yake, akasimama. Mimi nilifunika cherehani na kumwachia Twalib ailinde. Alitaka kusema kitu tulipokuwa tunapanda, akainua na kidole, halafu kwa mara ya kwanza toka nimjue akakosa methali. Akasema tu, "Nendeni haraka."

Angélique tulimketisha mbele, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema atagonga. Mama Orpha alikaa katikati yangu na Komanda, amenishika mkono wa shati. Tulipita robot tatu, yaani taa za barabarani, zote za kijani mfululizo, na Sandton hakuisifu hata moja. Tulipoingia barabara kuu Angélique akageuka, akatutazama wote wanne kwa zamu, anataka kujiandaa tu, hana lawama.

Angélique: Ule muzee, kwa luga yake, hodi wanasemaje?

Mle garini, ukituondoa yeye, tulikuwa na zaidi ya miaka hamsini katika nchi hii. Komanda alimtazama Sandton, Sandton akanitazama mimi kwenye kioo. Hakuna aliyejua, hata lugha yenyewe ni ipi.